Chati ya Bwana Tindi

Mwezi uliopita nilikwenda River Road kuchukua kadi za mwaliko, na nilipoingia kwenye ujia wa jengo lile harufu ikanisimamisha. Wino mzito uliochanganyika na mafuta ya taa, na chini yake karatasi mpya, harufu kavu kama ya unga. Dada wa kaunta akaniuliza kama niko sawa. Nikamjibu niko sawa, lakini kwa dakika ile nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nimekaa juu ya bunda la karatasi, nikimchukia mtu mmoja kwa moyo wangu wote.

Nawaambia mapema msije mkanidhania mwema. Haya si masimulizi ya kusamehe. Mama alinifundisha kwamba kisasi tumwachie Mungu, nami nikamwachia, ila baada ya miezi kadhaa nikaona ana kazi nyingi.

Baba yangu, Wafula, alikuwa fundi wa mtambo kwenye karakana ya uchapishaji ya Mzee Gathogo, nyuma ya duka la misumari na kufuli. Alitoka Bungoma na darasa la saba na mikono mizuri. Tulikaa Kangemi, chumba kimoja cha mabati, na Jumamosi Mama alikuwa akifua nguo kwenye nyumba za Kitisuru, kwa hivyo Baba alinichukua kazini. Mtambo uliimba taka-tumu, taka-tumu, na mpaka leo nikisikia mdundo kama ule usingizi hunijia. Kucha za Baba zilikuwa na wino usiotoka hata kwa sabuni ya kipande. Mama alisema akizikwa atazikwa na kalenda za watu kuchani.

Mzee Gathogo, mwenye karakana, alikuwa mtu mpole wa sweta ya kijivu, aliyeongea kana kwamba kuna mgonjwa chumba cha pili. Kila Jumamosi alinitumia mandazi mawili na chai, akisema ni ya "injinia wangu." Hakuna mtu mwingine mzima aliyewahi kuniita injinia. Nilimpenda kama babu.

Baba alisoma kila alichochapa. Vitabu vya risiti, mitihani ya majaribio, matangazo ya mahubiri, ramani. "Karatasi ikipita mikononi mwangu bila kuniachia kitu," alikuwa akisema, "hiyo imeniibia." Ndivyo alivyojifunza mambo ya latitudo na longitudo, si darasani bali kwa kuchapa ramani za shule mwaka baada ya mwaka, na Jumamosi moja mtambo ulipoharibika akanifundisha mimi kwa chenza.

Alichukua kalamu akalichorea mstari wa kuzunguka tumbo. "Hii ikweta. Sisi Nairobi tuko chini yake kidogo tu, digrii moja hivi." Halafu akashusha mistari kutoka kwenye kikonyo hadi chini, kama mikunjo ya chandarua. "Hizi ndizo longitudo. Hii ya kwanza inapita Greenwich, Uingereza. Kila mtu anahesabu kuanzia hapo." Akachomeka njiti ya kiberiti pale Greenwich, na nyingine upande wa mashariki, ndiyo Nairobi. Akalishika chenza kwenye mwanga wa dirisha, akaanza kulizungusha polepole.

"Jua limesimama. Sisi ndio tunazunguka. Angalia, ni njiti gani imeshikwa na jua kwanza?"

"Yetu."

"Basi. Mtu wa mashariki hunywa chai kwanza. Sisi tukiwa kwenye chai, hawa wa Greenwich bado wanakoroma. Dunia nzima ni digrii mia tatu na sitini, na inazunguka kwa saa ishirini na nne. Gawanya."

Niligawanya kwa kidole kwenye vumbi la karatasi. Kumi na tano. Kila digrii kumi na tano, saa moja. Kwenda mashariki unaongeza, kwenda magharibi unapunguza. Nikamuuliza mbona sisi tuko kwenye digrii thelathini na saba, ambayo haifiki saa tatu, ni saa mbili na nusu hivi, na shuleni tunaambiwa saa tatu. Baba alicheka mpaka Mzee Gathogo akachungulia. Akaniambia nchi zetu zilikubaliana kutumia saa ya mstari wa arobaini na tano, ulio mbele yetu kuelekea mashariki, ndiyo maana jua la Nairobi hufika utosini saa sita ikiwa imeshapita kidogo. "Tunaishi kwa saa ya jirani," alisema. Kisha tukalila lile chenza, kitabu chetu cha jiografia, yeye akanipa upande wa Pasifiki.

Wiki mbili baadaye akaja Bwana Tindi.

Alikuwa mwalimu zamani, kisha akafungua ofisi Hurlingham, kwenye barabara ya Argwings Kodhek, akawa anatengeneza chati za kubandika madarasani. Alivaa suti ya rangi ya maziwa na hakugusa kitu pale karakana, hata mlango aliusukuma kwa kiwiko. Siku ile alikuja kukagua prufu, yaani karatasi ya majaribio ambayo mteja huiangalia na kuitia sahihi kabla kazi haijachapwa. Ilikuwa ramani kubwa ya dunia yenye safu ya saa ndogo juu yake, moja kwa kila digrii kumi na tano. Ya Greenwich ilionyesha saa sita mchana.

Baba aliitandaza mezani, akaiangalia, akajifuta mikono kwa kitambaa. "Bwana Tindi, samahani. Hizi saa zinaenda kinyume."

"Kinyume namna gani?"

"Greenwich ni saa sita. Sisi tungekuwa saa tisa alasiri. Hapa Nairobi imeandikwa saa tatu asubuhi. Ni kama mchoraji alipunguza mahali pa kuongeza."

Bwana Tindi hakuiangalia hata karatasi. Alimwangalia Baba kuanzia viatu, akapanda hadi kofia. "Wewe umesoma hadi wapi?"

"La saba."

"Mimi nimefundisha jiografia miaka kumi na minne. Wewe ni fundi wa wino. Jiografia niachie mimi." Akachukua kalamu nyekundu akaandika pale pembeni, *Sawa, chapa*, akatia sahihi. Mzee Gathogo alikuwa amesimama pale pale, gilasi ya chai mkononi. "Wafula," akasema kwa ile sauti yake ya hospitali, "chapa tu vile mteja anataka." Akaichukua prufu, akaifungia kwenye droo yake. Baba akachapa. Siku nzima mtambo ulitoa ulimwengu uliogeuzwa, mmoja juu ya mwingine, nami nikihesabu kwa hasira.

Haikupita mwezi. Bwana Tindi alirudi Jumamosi akiwa amebeba chati chini ya kwapa, na safari hii mlango aliusukuma kwa mkono. Shule za watu wenye pesa zilikuwa zimezirudisha. Akazitupa sakafuni.

"Nani alichapa hii takataka?"

"Mimi," Baba akasema. "Na nilikuambia, bwana. Ukatia sahihi kwenye prufu."

"Prufu gani? Leteni hiyo prufu tuione."

Baba akamgeukia Mzee Gathogo. Mzee akavuta droo, akapekua karatasi moja moja, bila haraka, kama mtu anayetafuta sindano. Akaifunga. Akaangalia meza.

"Sioni kitu hapa," alisema.

Bwana Tindi akasema kazi zake zote atazihamisha mpaka huyu mlevi atoke. Baba yangu hakuwahi kuonja pombe. Mzee Gathogo akamwambia Baba, "Wafula, nenda upumzike kidogo. Nitakuita." Tulipofika mlangoni akanikimbilia na mandazi mawili yaliyofungwa kwenye gazeti. "Ya injinia." Nilishukuru. Niliyala kwa machozi njia yote hadi Kangemi, na kila nilipotafuna nilimtafuna Bwana Tindi.

Baba hakuitwa. Neno la ulevi lilitangulia kila karakana aliyobisha, na River Road ni barabara ndefu yenye masikio marefu, habari hufika kabla ya mtu. Baba akaenda mjengo Kileleshwa, kuchanganya saruji. Mama aliimba tu nyimbo za kanisani kwa sauti ya juu kuliko kawaida. Baada ya miezi mitatu niliangalia mikono ya Baba akila ugali, nikaona kucha zimekuwa nyeupe. Wino uliokataa sabuni miaka yote hiyo ulikuwa umetolewa na saruji. Usiku ule sikuomba Mungu amsamehe mtu.

Sasa sikieni jinsi mtu anavyojileta mwenyewe. Shule yetu ilikuwa kwenye mpaka, Kangemi upande huu na miti ya Kitisuru upande ule, na mwalimu mkuu alipenda kuwaalika majirani wakubwa. Bwana Tindi alikuwa na nyumba Kitisuru. Muhula wa tatu akatuletea zawadi, chati za dunia kwa kila darasa. Nilizitambua kabla hazijakunjuliwa. Ni zile zile. Watoto wa shule za kulipia walizikataa, akaona zitatufaa sisi. Tulipanga mstari tukamwimbia asante.

Mtihani ukaja. *Ikiwa ni saa sita mchana Greenwich, Nairobi ni saa ngapi?* Niliandika saa tisa alasiri. Mwalimu Rose, ambaye alikuwa wa hesabu na aliazimwa tu kutufundisha somo lile, aliangalia chati ukutani akanipigia mkasi mwekundu, alama ya kukosa. Nilikaa nikiutazama ule mkasi. Mtu yule alikuwa amemtoa baba yangu kazini, na sasa alikuwa amenifuata hadi kwenye daftari langu.

Siku iliyofuata nilimletea Mwalimu Rose chenza lenye njiti mbili. Nilimwonyesha dirishani kama nilivyoonyeshwa. Alikwenda ofisini akafungua atlasi, akarudi, akafuta mkasi wangu kwa kalamu ya buluu, akaandika "vyema".

"Nani alikufundisha?"

Nikamwambia. Nikamwambia na mengine yote, hadi droo.

"Nitaitoa hii chati leo," akasema.

"Mwalimu, tafadhali iache hadi siku ya kufunga shule."

Kila mtu alijua mgeni wa heshima siku ya kufunga angekuwa nani, na kwamba mwanafunzi mmoja wa darasa letu angeonyesha wazazi jinsi zawadi yake inavyotusaidia. Mwalimu Rose alikuwa mwanamke wa kanisa, mwenye kitambaa cheupe kichwani. "Nekesa," alisema, "ukizungumza, simama wima na usikimbilie maneno." Ndiyo ruhusa niliyopewa.

Nilijitayarisha wiki mbili. Wenzangu walidhani nakariri shairi. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi nilikuwa kimya hata Mama akanipa dawa ya minyoo.

Siku yenyewe ilikuwa Novemba, asubuhi yenye jua kali na harufu ya nyasi zilizofyekwa. Wazazi walikaa kwenye madawati, na nyuma kabisa, akiwa amesimama, alikuwa Baba na viatu vyake vya saruji. Alikuwa ameomba ruhusa ya nusu siku. Bwana Tindi alihutubia kwanza. Alisimulia juu ya binti yake anayesoma Uingereza, na jinsi mtoto yeyote, hata wa Kangemi, akisoma atafika huko. Akakaa chini kwenye kiti chenye mto, kipaza sauti kikiwa mbele yake mezani.

Nikaitwa. Chati ikaning'inizwa ubaoni. Nilionyesha ikweta, nikaonyesha Nairobi, nikaonyesha mstari wa Greenwich. 

"Sasa hivi hapa ni saa nne asubuhi," nilisema. "Kwa chati ya mgeni wetu, Uingereza ni saa tatu mbele yetu. Kwa hivyo huko ni saa saba mchana, watu wanakula. Mgeni wetu ana binti yake huko. Tunamwomba ampigie simu, amwulize amekula nini, ili sote tuone chati inavyofanya kazi."

Wazazi wakapiga makofi. Bwana Tindi akatabasamu. Nadhani alikuwa amesahau kabisa ile habari, mtu akishamsukumia mwenzake kosa lake hana sababu ya kulibeba tena kichwani. Na alikuwa na simu mpya. Akaitoa mfukoni taratibu ili ionekane, akabonyeza, akaiweka sikioni pale pale karibu na kipaza sauti.

Sote tulisikia upande wake. "Halo, mama... Ni Daddy... Kwani uko wapi?... Umelala?... Unalala saa hizi kwa nini?" Kisha kimya. "Saa ngapi?" Kimya tena. Na kipaza sauti kikaibeba sauti yake hadi kwenye mti wa mwisho wa Kitisuru: "Saa moja? Asubuhi? Bado ni giza?"

Mtu mmoja nyuma akacheka kwa pua. Nikasubiri. Nilikuwa nimefundishwa nisikimbilie maneno.

"Kwa chati hii ni saa saba mchana na jua liko juu," nikasema. "Basi ama binti anadanganya, ama chati."

Wakaangua kicheko. Bwana Tindi alisimama, shingo imejaa. Akashika kipaza sauti. "Hilo ni kosa la mchapishaji. Fundi mmoja mlevi wa River Road aliniharibia kazi, na alishafutwa."

Ndilo nililokuwa nangoja. Sikulipanga, lakini nililingoja.

"Huyo fundi ni baba yangu," nilisema. "Hanywi pombe. Alikuambia saa zinaenda kinyume. Nilikuwepo. Ulimwambia, wewe ni fundi wa wino, jiografia niachie mimi. Ukatia sahihi kwa kalamu nyekundu. Baba yangu yuko pale nyuma. Mwambie sasa kwamba ni mlevi."

Vichwa vyote viligeuka. Baba alikuwa ameshavua kofia. Bwana Tindi alimwangalia, na kwa mara ya kwanza hakuanzia viatuni. Aliondoka kabla ya pilau, na gari lake likakwama langoni kwenye tope la mvua ya jana, na wavulana wa darasa la nane waliolisukuma walikuwa wakiulizana kwa sauti, "Buda, kwani huko mbele ni saa ngapi?"

Niwaambie ladha yake? Ilikuwa tamu. Wengine husema kisasi kikifika kinywani kinageuka majivu. Changu hakikugeuka. Nilikila siku nyingi, na ofisi ile ya Hurlingham ilipofungwa baada ya mwaka mmoja nilikula makombo yake pia.

Lakini Baba hakufurahi nilivyotaka. Tulitembea kurudi nyumbani, mkono wake mzito begani mwangu, na alisema jambo moja tu. "Umesema vizuri, mama. Ila kikulacho ki nguoni mwako." Nilikagua kola ya sweta yangu nikidhani ameona siafu.

Mjengo alikaa nao miaka minne. Hatimaye familia moja ya Kisikh yenye karakana ya kadi za harusi kule Westlands ikamchukua, wakampa mtambo siku ya kwanza, na wino ukarudi kuchani. Mzee Gathogo alifariki nikiwa chuoni. Nilikwenda mazishini peke yangu. Baba alisema goti linamuuma. Walipoomba mtu wa kusema neno, nilisimama nikasema aliniita injinia nikiwa mtoto wa Kangemi asiye na viatu vizuri. Nililia mbele ya watu. Mjane wake alinishika mikono yote miwili.

Sasa mimi nafanya kazi Hurlingham, si mbali na ilipokuwa ofisi ile, napanga mikutano ya mtandaoni kati ya wateja wa nchi mbalimbali. Ndiyo kusema ninalipwa kwa ajili ya lile chenza. Mwaka huu mteja mmoja wa ng'ambo alikosa mkutano mkubwa. Kwao walikuwa wamebadilisha saa za msimu, akasahau, kisha akaandika kwamba mwenzetu Achieng', aliyeajiriwa juzi, alimpa saa isiyo sahihi, na kwamba akiendelea kuwepo yeye atatafuta kampuni nyingine. Tuliitwa mezani. Barua pepe ya Achieng' yenye saa ya mkutano tulikuwa tumeisoma sote. Saa ilikuwa sahihi. Achieng' akamgeukia bosi wetu, na akasema kwa upole, "Barua unayo wewe."

Bosi alifungua kompyuta yake, akapitisha macho polepole, akaifunga. Akaangalia meza.

Nililijua lile tazamo. Nilikuwa nimelila na mandazi. Nilikaa pale nimeshika kalamu na miaka ishirini ikanipita kichwani kwa mpigo mmoja, droo, sweta ya kijivu, vidole vikipekua karatasi kwa utaratibu ili visipate. Bwana Tindi alipiga kelele tu. Hakuwa na uwezo wa kumfuta kazi mtu yeyote pale River Road.

Niliisoma barua ya Achieng' kwa sauti, kutoka kwenye simu yangu, tarehe, saa na mji. Bosi hakunisemesha hadi Ijumaa. Wenzangu waliniambia nilikuwa jasiri, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nikimlipiza marehemu, na Achieng' alinufaika tu kwa kukaa karibu.

Jumapili nilikwenda kwa Baba, nikamsimulia ya Achieng'. Alikuwa akichambua maharagwe.

"Ulijua?" nikamuuliza. "Ile prufu?"

"Nilikuwa nimesimama karibu na droo kuliko Tindi," alisema. "Niliona wino mwekundu. Na Mzee aliona kwamba nimeona."

"Mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani, Nekesa? Mtu pekee wa kuambiwa alikuwa yeye." Akatupa haragwe bovu. "Huyo dada alibaki kazini?"

"Alibaki."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuchambua.

Bwana Tindi nilimlipa asubuhi moja, mbele ya wazazi wote, na sijutii hata kidogo. Huyu mwingine alinipa mandazi, nikamshukuru, nikamsifu, nikamlilia kwenye kaburi lake. Nataka machozi yangu yarudishwe, na hakuna wa kumdai.